Fundi na Ng'ombe wa Kagure

Kila Kagure akimwona fundi yule wa Majengo akifungua lango lake huko Tetu, huficha sufuria. Si kwamba ni mwizi. Ni kwamba mkono wake haupiti karibu na chombo bila kukigonga kwa kifundo cha kidole, kisha hutega sikio na kusema polepole, "Hii iko na kazi ingine." Penseli huikalisha nyuma ya sikio la kushoto, halafu huitafuta nyuma ya la kulia. Na kwa kila alichobuni, hata ule mkokoteni wa kujisukuma wenyewe, uliojisukuma hadi Mto Chania, husema kimebaki kitu kidogo tu.

Juzi alileta mashine ya kukamua: pampu ya baiskeli, mirija minne ya mpira na sufuria ya Kagure iliyopotea Krismasi. Ng'ombe aliitazama, akabana maziwa yote.

"Amezoea mimi," Kagure akamwambia. "Bila kitambaa yangu na wimbo wa kanisa, hatoi hata tone."

Fundi akagonga pembe ya ng'ombe, akasikiliza. Kisha akaomba kitambaa, akajifunga kichwani, akachuchumaa na kuimba kwa sauti nyembamba ya kike, akikamua kwa mikono yake miwili huku mashine imelala kando kwenye nyasi. Ndoo ikajaa hadi povu likamwagika.

Akainuka, kitambaa kingali kichwani, akaitafuta penseli nyuma ya sikio la kulia.

"Si umeona mashine inafanya kazi?" akamwambia Kagure. "Imebaki kitu kidogo tu."