Sahihi ya Mume Asiyekuwepo

Waasi walipoondoka na jeshi la serikali likarudi, mji wetu wa Uvira, huku Kongo, haukuwa na mkate. Mgiriki aliyekuwa na tanuru kubwa karibu na ziwa alikimbia tangu wiki za kwanza za uhuru. Mimi nilikuwa nimemkandia unga miaka mitano nyuma ya duka lake, na alipokwenda nilijijengea tanuru langu la matofali mtaani Mulongwe, kando ya mto, mahali palipoinuka kidogo ili maji yasilifikie. Vita vililizima. Vilipokwisha nililiwasha tena, nikawa nauza mikate kwenye beseni mlangoni.

Nyumbani tulibaki wawili, mimi na mama mkwe. Mume wangu alikuwa dereva wa lori la pamba. Siku moja waasi walimwamuru awabebe mpaka Luvungi. Akapanda, akanipungia mkono, na tangu hapo hakuna aliyemwona, yeye wala lori. Wengine walisema alivuka mto Ruzizi, yuko Burundi. Wengine walitazama chini tu.

Basi tangazo likabandikwa kwenye mlango wa biro ya teritwari, ofisi ya serikali ya wilaya yetu: lopitali inatafuta mtu wa kuwaletea wagonjwa mkate kila siku, na maombi yatapokelewa kwa wafanyabiashara walioandikishwa tu. Nililisoma mara mbili, nikaingia ndani hapo hapo, unga ungali kwenye viwiko.

Karani alikuwa kijana mwenye adabu. Aliniuliza jina, kazi na mahali, akayaandika vizuri. Kisha akaomba sahihi ya bwana wangu. Sheria ya siku zile haikumruhusu mwanamke aliyeolewa kuandikishwa bila idhini ya mumewe. Nilipomweleza habari ya lori, aliweka kalamu chini.

"Mama, leta watu wawili waape kama amekufa," alisema. "Hapo unakuwa mjane, na mjane anajisainia mwenyewe."

Alisema kwa huruma, kama mtu anayekuonyesha njia ya mkato. Nikarudi nyumbani nikiwa nusu nimekubali.

Mama mkwe alikuwa kwenye mkeka akichambua ndagala, vile visamaki vya ziwani. Nilimweleza yote. Hakupaza sauti. Alisema tu kwamba siku nitakayokwenda kuapa, yeye atakunja mkeka wake arudi kwa ndugu zake, maana hawezi kulala nyumba moja na mtu aliyemzika mwanawe bila maiti. Akaendelea na ndagala zake. Nilitaka kukasirika, nikashindwa, kwa sababu mimi mwenyewe kila lori lililotoka upande wa Luvungi nilikuwa bado nageuka kulitazama.

Kesho yake alikuja mwenye duka mmoja wa mjini, mtu aliyeandikishwa tangu zamani. Alikula mkate wangu mzima akiwa amesimama, akapangusa midomo.

"Weye upike, minye nisaini," alisema. "Lopitali haitajua, na weye hautasumbuka na mabiro."

Nilimwambia nitafikiri. Na kweli nilifikiri, siku tatu nzima. Lakini nilikuwa nimekwisha kukanda unga miaka mitano chini ya jina la mtu mwingine, na ladha yake niliijua.

Nikarudi kwa karani kumwuliza kama hakuna njia ya tatu. Alisema hakuna. Nikakaa kwenye benchi. Aliwahudumia watu wote, nami nikabaki pale pale. Karibu na saa sita akachoka kuniona, akavuta kitabu kinene cha sheria, akakisoma huku midomo ikicheza. Akainua kichwa. Njia ya tatu ilikuwamo. Mume asipokuwepo na mahali alipo hapajulikani, tribunali inaweza kutoa idhini badala yake. Ila alinionya kwamba hakimu atauliza familia ya mume, na familia ikikataa, maneno yamekwisha.

Familia ilikuwa mwanamke mmoja na ndagala zake. Nilimwomba asikatae, basi. Aliinuka akaenda kuanika ndagala zake, na siku zile za kungoja zilikuwa ndefu. Siku ya tribunali alivaa kikwembe chake cha kanisani, akatangulia mbele yangu njia nzima bila kugeuka.

Hakimu aliuliza kama familia ina ubishi. Mama mkwe akasimama. 

"Mutoto yangu haiko," alisema. "Minye sijui iko wapi, na hakuna muntu wa kuniambia amekufa. Lakini huyu iko. Kila asubuhi iko. Muandike mwenye iko."

Mkalimani alichukua muda kuyaweka kwa Kifaransa. Hakimu akainama akaandika. Muhuri ulipogonga karatasi, mama mkwe alinishika kiwiko.

Karani aliponifungulia rejista, aliniuliza biashara itaitwa kwa jina la nani. Nikasema iitwe kwa jina langu. Akanigeuzia kitabu, akanipa kalamu, nikasaini polepole mpaka herufi ya mwisho.

Mwenye duka naye aliomba ile kazi, akiahidi kuleta mkate kutoka ng'ambo, Bujumbura. Wa kwake ulifika umelala siku mbili. Wangu ulifika ukiwa bado na joto. Kazi nikapewa mimi.

Asubuhi ya kwanza niliunguza mafungu mawili ya mikate kwa kiherehere, ikabidi nikande upya. Bado tulifika lopitali kabla ya wagonjwa kuamka, mimi na beseni langu, mama mkwe na lake. Msimamizi wa jiko alitazama nyuma yetu, akauliza patroni, mwenye biashara, yuko wapi apokee karatasi ya mkate.

Mama mkwe ndiye aliyemjibu. Alitua beseni, akaninyooshea kidole, akasema, "Ni huyu." Kisha akaingia jikoni mbele ya kila mtu, akaanza kupanga mikate juu ya meza.