Maua ya Kijani kwenye Harusi ya Shakila

Aibu hii naisimulia mwenyewe, kwa sababu nikinyamaza mtaisikia kwa wakwe zetu wa Bukavu, na wale wanajua kuongeza chumvi.

Mnajua nauza miche ya maua hapa Kamembe, nyuma ya nyumba, kwenye makopo na mabeseni yaliyotoboka. Sasa kati ya yale maua madogo ya rangi ya waridi ambayo kila mtu anayo mlangoni (yale yasiyokufa hata ukiyasahau), kichaka kimoja kikaanza kutoa maua ya kijani, kijani kabisa, petali zimejikunja kama majani madogo na matawi yamesongamana kama ufagio. Muntu mwenye akili angeking'oa, au angalau angeuliza. Mimi nikakipa jina, Malkia wa Kijani, nikaanza kukata vitawi vyake na kuvipandikiza kwenye mashina ya wenzake wazima, na kila shina baada ya muda likachanua kijani vilevile, nami nikajiona nimevumbua kitu ambacho hata Wazungu hawana.

Halafu Shakila, mtoto wa dada yangu, akachumbiwa na Idrisa, kijana wa Bukavu, ng'ambo ya mpaka huko Kongo, na rangi za harusi wakachagua kijani na nyeupe. Mnaona mambo yalivyojipanga. Nikamwambia dada, "Mapambo niachie mimi," nikajaza ukumbi: Malkia kila meza, kopo limefungwa kitenge, Malkia kwenye shada la bibi harusi, Malkia kwenye koti la bwana harusi na la babu yake, hata keki nikaizungushia. Na kama hiyo haitoshi, nikaahidi kwamba kila mgeni ataondoka na kopo lake akapande kwake, ili Malkia afike Nzahaha, afike Bweyeye, avuke na mpaka.

Ndoa ilifungwa asubuhi, mchana tukaingia ukumbini, pilau likaliwa, na msherehesha akanipa maikrofoni nitoe neno la mama mdogo. Ningesema tu Mungu awabariki nikakaa, leo tungekuwa tunaongea mengine. Lakini niliona watu wanapiga maua picha na simu zao, kichwa kikanivimba, nikaanza kueleza jinsi nilivyouzaa ule mmea kwa mikono yangu, kisha nikauliza, "Nani kati yenu alishaona maua kama haya popote?"

Mwanamke mmoja kwenye meza ya wakwe akanyoosha mkono. Alikuwa na kilemba cha buluu, na muda mrefu alikuwa ameshika kopo akichungulia chini ya majani (nilifikiri ananusa). Ndiye Tantine Mariamu, dada ya mama wa Idrisa, na kitu ambacho sikukijua ni kwamba anafanya kazi maabara, upande wa magonjwa ya mimea. Nikampelekea maikrofoni mwenyewe, nikitabasamu.

"Maman, mimi nilishaonaka mingi," akasema kwa upole. "Hii maua iko mugonjwa."

Ndege ilikuwa inashuka kwenye uwanja wa ndege wa jirani, watu wa nyuma hawakusikia, wakauliza amesema nini, na msherehesha akawatangazia kwa sauti kubwa kwamba maua yana ugonjwa.

Hapo ningekubali yaishe. Nikabisha.

"Tantine, muntu mugonjwa anakonda. Hii iko inanenepa." Watu wakacheka, nikadhani nimeshinda, nikaongeza, "Basi nionyeshe huyo mududu."

"Hautamuona, Maman. Ni kadogo sana, kanakaa ndani ya mishipa ya mumea, tunakajua kwa alama." Akainua kopo wote waone. "Muangalie, petali imegeuka jani. Majani imekuwa midogo, matawi imebanana. Banaita fitoplasma. Vidudu vya kurukaruka vinanyonya hapa, vinapelekea mumea wa jirani. Weye ulipanda na mbegu?"

"Hapana," nikajibu kwa fahari iliyobaki, "nilipandikiza."

"Basi Maman, ulikuwa unaambukiza na mukono."

Babu yake Idrisa akachomoa taratibu ua kwenye koti lake, akaliweka kwenye sinia, kisha akalisukuma sinia mbali kwa fimbo. Maman mmoja wa Nzahaha akauliza kama ugonjwa umeingia kwenye pilau, na Tantine akamhakikishia kwamba batu haubashiki, unashika mimea tu. Dada yangu alikuwa ananitazama mimi tu. Na mimi nawaza, siku ya kwanza ya undugu tumewapa wakwe ugonjwa wakapande kwao, watatuelewaje hawa?

Aliyeniokoa ni Shakila. Alilitazama shada lake, mabega yakaanza kumtikisika, nikadhani analia, kumbe anacheka. "Mama mdogo, kumbe naolewa nimebeba mugonjwa," akasema. "Twende tumusindikize." Akashuka na gauni lake lote, akaomba gunia kubwa jikoni, akalitupia shada. Idrisa akatupia ua lake. Msherehesha akawaambia wa muziki wapige, na wageni wakasimama mmoja mmoja, kila mtu na kopo lake, wakatoka kwa mstari wakicheza hadi nyuma ya ukumbi, vigelegele huku, vigelegele kule, hata babu na fimbo yake. Mimi nilikuwa wa mwisho, nimebeba maua ya keki, nacheza huku natamani kujificha ndani ya gunia hilohilo.

Tantine alibakiza kitawi kimoja, akakifunga kwenye karatasi akakipime. Baadaye akanipigia: wamepima vinasaba, ni fitoplasma kweli. Akavuka mwenyewe kuja kwangu, tukang'oa na kuchoma, akanionyesha jinsi ya kutazama kila jani, na tukanywa chai hadi akakaribia kukuta mpaka umefungwa. Dada alininunia mpaka picha za harusi zilipofika, akauona ule mstari wa watu na makopo, akacheka akakaa chini. Hakuna harusi Kamembe inayozungumzwa kama ile. Sokoni naitwa Maman Fitoplasma, hata na wale wanaoshindwa kulitamka.

Nimeapa kwamba chochote kikichanua ajabu kwangu, kabla sijamwonyesha mtu nampigia Tantine. Juzi nimempigia mbio kwa ajili ya waridi lililokuwa limenyauka, nimemwelezea kila alama, akanisikiliza hadi mwisho.

"Maman," akasema, "iko na kiu. Uimwagie maji."