Mafuta ya Kondoo na Mbwa Aliyeitwa Bosi

Mtu akiyeyusha mafuta ya mkia wa kondoo, hata kama yuko ng'ambo ya mto, mimi pua inaniambia kabla hajageuza mwiko. Juzi jirani yangu hapa Themi alikuwa anayayeyusha kwa ajili ya mkwe wake aliyejifungua. Nilikuwa nafua. Nikaacha nguo kwenye beseni na povu lake, nikakaa chini kwenye ndoo. Sio kwamba naipenda ile harufu. Harufu ya mafuta ya kondoo ni kama shangazi mwenye mizigo, inaingia kwenye nguo, kwenye nywele, kwenye uji wa watoto, na ikishaingia haiagi. Lakini nikiisikia tu, narudi kuwa mtoto wa miaka minane, nimelala kwenye kitanda cha miti, na upande wa pili wa ukuta kuna pua ya mbwa inanisubiri.

Kwetu ni juu, upande wa machweo wa Mlima Meru. Kule mwezi wa saba ukungu unaingia ndani bila hodi, unakaa kwenye kigoda, unangoja chai. Mwezi huo ndio nikapata kikohozi. Nikisema kikohozi usifikirie hivi vikohozi vyenu vya mjini, vya kuziba mdomo na kiganja. Mimi nilikuwa nikikohoa, kuku wanashuka mtini. Ng'ombe wa jirani walipunguza maziwa. Nikikohoa huku chini, mlima unakohoa kule juu, mpaka watu wakawa wanaupa mlima pole.

Kule nyumbani daktari alikuwa bibi yangu mzaa baba. Sisi Waarusha bibi tunamwita Koko. Huyu Koko alikuwa ameshika kifua, mgongo na magoti ya kijiji kizima, na dawa zake zilikuwa mbili tu: magome ya mkiloriti, na mafuta ya kondoo. Ukimwambia kichwa kinauma, mafuta. Mguu umevimba, mafuta. Mwanamke mmoja alikuja kulalamika kwamba mume wake hamsikii, Koko akamuuliza, "Ulishampa mafuta?" Na msicheke, watu walikuwa wanatoka mpaka Nduruma kumfuata, wanapanda ule mlima na maumivu yao mgongoni.

Sasa pale kwetu kondoo wa maana alikuwa mmoja. Mkia wake ulikuwa mkubwa kama mto wa kulalia. Akitembea, yeye anafika mapema, mkia unafika baadaye. Lakini kondoo yule alikuwa na mwenyewe. Alikuwa wa mama yangu, Yeyo, kwa sababu Yeyo alikuwa na mimba kubwa, na kwetu mwanamke akijifungua anachinjiwa kondoo. Nyama wanakula watu, yeye anachokitaka ni mafuta. Anakunywa siku kwa siku, mpaka damu irudi mwilini na maziwa yatoke. Mwanamke aliyejifungua bila kondoo atasemwa mpaka huyo mtoto aote ndevu.

Koko akaweka sikio kifuani kwangu, akasikiliza kama mtu anayesikiliza redio ya betri mbovu.

"Hiki kifua kinataka mafuta," akasema. "Na mafuta yaliyopo ni ya kwenye mkia ule."

Yeyo alikuwa anachambua maharage. Hakuinua kichwa. "Basi achinjwe."

"Halafu wewe ukijifungua utakunywa nini?"

"Nitakunywa chai."

"Chai," Koko akasema, kama ametajiwa jina la ugonjwa. "Mtu anazaa, halafu anakunywa chai."

"Mama, huyu nimeshamzaa," Yeyo akasema. "Huyo mwingine bado."

Yakaisha. Mimi nikiwa chini ya blanketi nilifurahi, maana nilisikia neno kuchinja, nikawaza nyama. Hayo mengine ya chai na kuzaa yalipita juu ya kichwa changu kama ndege.

Jumamosi baba alipanda kutoka mjini, alikuwa mlinzi huko, akamchinja kondoo. Nyama ikaliwa. Mafuta Koko akayayeyusha yeye mwenyewe na magome yake, hakuna mtu kugusa mwiko, akayajaza kwenye kibuyu, akaniletea kikombe cha bati.

Jamani. Juu kimetulia kinameremeta, unaona uso wako. Chini kuna uchungu wa magome unakusubiri kama askari. Kikipoa kidogo tu kinaganda kwenye midomo, ulimi unateleza huku na huku kama lori kwenye tope la masika. Nilimeza mara mbili, nikatapika mara nne.

"Vizuri," Koko akasema. "Hiyo ndiyo kufungua njia."

Mimi njia hiyo sikutaka ifunguliwe tena. Na pale kwenye kitanda changu, ukutani, udongo ulikuwa umebanduka, pamebaki tundu la kutosha kikombe. Nje ya tundu ndiko alikolala mbwa wetu. Jina lake lilikuwa Bosi, lakini ubosi aliuona kwenye jina tu. Mbavu zake ungezihesabu ukiwa barabarani. Jioni ile Koko alipoleta kikombe, nikamwambia kwa sauti ya kufa kufa, "Koko, ukinitazama natapika."

Koko aliniamini. Akageuka, akatazama moto. Mimi nikapitisha kikombe kwenye tundu, nikasikia ulimi unafanya kazi. Kilirudi kisafi, hata Yeyo hajawahi kuosha chombo namna ile.

"Umemaliza?"

"Nimemaliza, Koko."

"Mtoto wangu huyu," akasema, akanitemea mate kidogo ya baraka kifuani, kama wazee wetu wanavyobariki, akanifunika.

Siku sita, asubuhi na jioni. Bosi akaanza kubadilika. Mbavu zilizama, hazikuonekana tena. Manyoya yakawa yanang'aa, mwizi angekuja usiku angejiona humo ndani akashtuka akakimbia. Akawa anatembea taratibu kama mwenyekiti wa kijiji, hata kubweka anabweka neno moja. Na mimi huku nakwisha. Joto likapanda, ukaweza kunichemshia yai kwenye paji la uso. Kifua kikawa kinanichoma nikivuta pumzi. Nilikuwa na akili rahisi, nilijua kikohozi kitatoka chenyewe kikichoka. Kumbe aliyekuwa anachoka ni mimi.

Yeyo alikuwa anakuja kukaa pembeni yangu na lile tumbo lake, anashika miguu yangu. Koko alikuwa anasema peke yake pale motoni. "Mafuta haya hayajawahi kushindwa," nilimsikia. "Hayajawahi." Akaongeza magome. Mimi nikampa Bosi na hayo magome.

Asubuhi ya siku ya saba, kupitia tundu, nilimwona Koko uani. Alikuwa amechuchumaa mbele ya Bosi. Akapitisha kiganja mgongoni kwake, kuanzia shingoni mpaka mkiani, polepole, halafu akakinusa kile kiganja. Akakinusa tena. Nikawaza anambembeleza mbwa. Nikasema moyoni, hata Koko naye ameona Bosi amependeza.

Akaingia ndani. Alichukua shuka lake, akanibeba mgongoni kama mtoto mchanga, miguu yangu mirefu inaning'inia.

Yeyo akauliza, "Mama, mnaenda wapi?"

"Zahanati."

Yeyo alibaki na mwiko hewani. Koko na zahanati walikuwa hawasalimiani. Alikuwa akipita pale barabarani anageuza uso upande wa migomba. Leo anateremka mwenyewe ule mteremko wote, mzee wa watu, anahema, nasikia moyo wake unagonga kwenye kifua changu kutokea mgongoni. Watu wanamsalimia, "Shikamoo Koko, unampeleka wapi huyo?" na yeye anajibu kila mmoja, kwa sauti, "Nampeleka sindano." Hakumficha hata mmoja.

Nesi alikuwa dada mdogo, mkali, ana kofia imekaa wima. Akanisikiliza kifua, akaweka kile kifaa chake chini, akasema ni nimonia, na ningecheleweshwa siku mbili zaidi, angekuwa anaongea mengine. Halafu akamgeukia Koko.

"Mlikuwa mnampa nini?"

"Mafuta," Koko akasema.

"Mafuta. Wiki nzima mtoto anakufa mnampa mafuta. Nyie mabibi na mafuta yenu mtatumalizia watoto."

Koko alikuwa amesimama. Alikuwa mrefu, Koko, lakini pale alikuwa mfupi. Akaangalia sakafu.

"Ni kweli mwanangu," akasema. "Mchome."

Na mimi nipo pale kwenye benchi. Mdomo huu, ambao leo haufungi hata nikiwa nimelala, siku ile ulifunga. Ningeweza kusema. Yalikuwa maneno matatu tu, nilimpa mbwa Bosi. Nikatazama ile sindano, nikaona nikisema itaongezwa urefu.

Nilichomwa siku tano, na kila siku Koko alinibeba kwenda na kurudi. Siku ya kwanza tuliporudi, kabla hajanywa hata maji, alikanda mavi ya ng'ombe na udongo, akaziba lile tundu ukutani. "Upepo ndio unaleta vikohozi," akasema. Nikakubali, maana kweli lilikuwa linapitisha upepo. Kibuyu cha mafuta akakifunga, akakitundika juu kwenye paa, mafuta hayakuja tena. Nikajua amekata tamaa na dawa yake. Nikamshukuru Mungu.

Nilipona. Nikarudi kula kama siafu. Lakini Jumapili watu wakitoka kanisani walikuwa wanamngoja Koko hapo uwanjani. "Koko, habari ya mafuta?" Mama mmoja mnene, fundi wa maneno, alimwambia mbele za watu, "Koko mimi goti langu linauma, nikuone wewe au nikaone sindano?" Watu wakacheka, na Koko akacheka nao. "Kaone sindano," akasema. "Mimi ni mzee." Na kweli wakaenda. Ile njia ya kuja kwetu, iliyokuwa imekanyagwa mpaka inang'aa, ikaanza kuota nyasi.

Yeyo alipojifungua mdogo wangu, Koko alikiteremsha kile kibuyu. Mafuta yalikuwa yamebaki chini ya nusu kidogo. Yeyo akanywa, akapata maziwa, mtoto akanenepa mpaka mikono ikawa haikunjiki. Mimi nilikaa pale mlangoni namtazama anakunywa kile kikombe cha bati bila kukunja uso. Hapo ndipo kitu kiliponichoma kidogo, hapa chini ya mbavu, nikadhani ni nimonia imebaki.

Miaka ikaenda. Nikashuka mjini, nikaolewa, nikapata mtoto wangu wa kwanza hospitali, wakaniruhusu, nikarudi kwangu. Siku ya pili naambiwa kuna mgeni. Ni Koko. Amepinda, macho yanaona kwa mkopo, ameshuka kutoka mlimani na kibuyu ndani ya mfuko wa saruji, ameukumbatia kama mtoto. Hakuomba hata kiti. Akaomba moto na kikombe.

Harufu ikajaa nyumba nzima. Akanijazia kikombe mpaka juu, akakishika hivi, hajanipa. Akageuza kichwa huku na huku na yale macho yake.

"Mfungeni mbwa kwanza," akasema.

Mume wangu akamwambia, "Koko, sisi hatuna mbwa."

"Basi funga mlango. Huyu namjua."

Nilihisi damu yote imepanda masikioni. Miaka yote ile. Siku ile uani alikuwa ananusa mafuta yake mwenyewe mgongoni kwa Bosi. Alijua dawa yake haikushindwa, haikuwahi hata kuingia mdomoni. Alijua pale mbele ya nesi, alijua pale kanisani, alijua nyasi zinaota njiani. Neno moja tu la mbwa lingemrudishia jina lake lote.

Mume wangu alipotoka nikamuuliza, "Koko, kwa nini hukumwambia nesi?"

Akafikiri. "Yule nesi alikuwa na hasira," akasema. "Ningemwambia, angekuchoma mbili."

Akacheka mpaka akakohoa. Halafu akanipa kikombe.

Watu wananiuliza mimi, maana wanajua nimekulia kwenye dawa za kienyeji, mafuta ya kondoo yanatibu kifua au hayatibu? Nawaambia mimi ni shahidi mbaya, nikiwa mgonjwa sikuyanywa. Muulizeni Bosi, hakukohoa mpaka anakufa. Kilichonitoa kaburini ni sindano, hilo nalikiri mchana. Lakini kwenye sindano sikujipeleka. Nilipelekwa mgongoni na mtu ambaye alijua kila hatua ya ule mteremko inamfanya mwongo mbele ya kijiji, na hakupunguza mwendo.

Kikombe nilikinywa. Chote. Yeye akiwa amenikazia yale macho, hakugeuka kutazama moto safari hii. Nilipomaliza alikichukua, akaingiza kidole ndani, akazungusha kuhakikisha, akakilamba.

"Umemaliza," akasema. Na mimi nikiwa mama wa mtu, akanitemea mate ya baraka kifuani, akanifunika.