Munkoyo wa Jumamosi

Juzi, sokoni hapa Likasi, nilipita karibu na mama mmoja aliyekuwa anauza munkoyo, kinywaji chetu cha mahindi na mizizi, kwenye ndoo ya buluu. Harufu ya mahindi yaliyoanza kuchachuka, pamoja na ile mizizi yenye ukali wa udongo, ilinifikia kabla sijamwona muuzaji. Nikasimama katikati ya watu nikiwa na miaka kumi tena, na hasira yangu ya zamani ikarudi nzima.

Sisi tulikuwa Wabaha'i, huko Shituru, katika mtaa wa walokole na Wakatoliki. Majirani walitushangaa kidogo, watu wasio na mchungaji wala padri, wanaosali sebuleni kati ya redio na cherehani ya mama. Baba, fundi umeme, alikuwa na neno moja alilolirudia mpaka nikawa nalisema pamoja naye: kumtumikia mtu ni ibada, na ibada haifanywi kwa uso ulionuna. Nikitoka nimenuna, alinirudisha ndani nikatafute uso mwingine.

Utumishi wangu ulikuwa Mama Odette, bibi kizee aliyeishi peke yake, barabara ya tatu kutoka kwetu, macho yakianza kufifia. Baba ndiye aliyenichagulia. "Ule kaku hana muntu," aliniambia, maana kwetu bibi ni kaku. "Kila Jumamosi utamuchotea maji, utamufulia nguo. Usipokee kitu." Nilienda hivyo karibu miaka miwili. Nilichota bidoni mbili za maji bombani, nikafagia ua, nikafua vitenge vyake huku nikiimba nyimbo za darasa letu la watoto. Sitaficha, nilijipenda sana siku hizo. Nilikuwa namtumikia mtu asiye wangu, na dada Solange, mwalimu wa darasa, alinitaja mbele ya wenzangu.

Mama Odette alikuwa na mchezo wake. Nikiingia uani, aliinama kidogo akanipigia makofi polepole, viganja vimekunjwa, jinsi watu wanavyomsalimu mkubwa wao. Kisha alinipa kiti, yeye akakaa mkekani. Nilicheka kila mara nikidhani ni uzee. Baadaye alinimiminia munkoyo, nami nilikunywa, maana baba alisema nisipokee kitu, hakusema nisinywe.

Nyumbani, kila niliporudi, baba alinisubiri barazani. "Fungua kinywa," alisema, akainama kunusa. Sisi hatugusi pombe, na munkoyo ukikaa siku nyingi unaanza kulevya, kwa hiyo sikuona ajabu. Alinusa bila haraka, macho yamefumbwa, kisha akaniambia niende kula.

Siku moja dada Solange alitutaka tuandike majina ya wazee wetu, tukipanda vizazi vitatu, ili tuwaombee waliotangulia. Upande wa mama ulijaa. Upande wa baba nilipata majina mawili tu, la baba yake na la mama yake. "Kibawa," alisema nilipouliza la mama yake. "Balimuzala kule Mwadingusha. Alikufa nikiwa mudogo." Hakuongeza neno. Jumapili nilisimama sebuleni nikasoma karatasi yangu, na sote tukaiombea roho ya Kibawa isonge mbele huko iliko. Baba alisimama karibu na dirisha, ameinamisha kichwa kama wengine.

Jumamosi iliyofuata nilimlalamikia Mama Odette kwamba karatasi yangu ina mapengo upande wa baba.

"Baba yako anayua kama unaniuliza hii?"

"Hapana, kaku."

"Basi, andika ya minye."

Nilidhani ananiazima wazee wake, jinsi watu wanavyoazimana chumvi. Nikanoa penseli.

"Mama yangu, Kaseba."

"Kama minye," nikasema, kwa sababu hilo ndilo jina langu.

"Kama weye. Baba yangu alikuwa anatumika ku barrage, bwawa ya umeme, kule Mwadingusha. Balinizala kule."

Niliweka penseli chini, maana huko ndiko baba alisema Kibawa alizaliwa. "Na jina yako, kaku? Si Mama Odette. Jina yako."

"Odette ni mutoto yangu wa bwana wa pili," alisema. "Minye njo Kibawa. Baba yako njo mutoto yangu wa kwanza." Akashika ncha ya kitenge chake. "Alisema, siku nitakuambia, hautakuya tena. Nimechoka kunyamaza."

Ndiyo maana ya makofi yale. Alikuwa anamsalimu mama yake, ambaye jina lake nililibeba mimi.

Baba alikuwa barazani. "Fungua kinywa," alisema. Nilikifunga, na nilipokifungua ilikuwa kumwambia, "Kibawa anakusalimia."

Alikaa chini. "Kwangu alikufa," alisema hatimaye, akaingia ndani. Mama ndiye aliyenieleza: Kibawa alimwacha baba mlangoni pa shangazi yake akiwa na miaka saba, akamwambia anaenda sokoni, kumbe anakwenda Kolwezi na bwana mwingine. Alirudi Likasi akiwa mzee.

Nilimhurumia baba kwa muda mfupi sana. Aliniacha nisimame mbele ya watu nimwombee marehemu niliyekuwa nafua nguo zake. Alichukua kitu pekee nilichoamini ni changu, kumtumikia kwa furaha mtu nisiyemjua, kumbe nilikuwa miguu ya baba tu. Wote wawili walinificha, na wote wawili walinihitaji. Nilikataa kwenda Jumamosi tatu. Ya nne nilienda nimenuna, na baba hakunirudisha kubadili uso. Niliporudi nilimpita barazani kinywa kimefungwa, na hivyo hivyo kila Jumamosi mpaka Kibawa alipofariki, nikiwa sekondari. Baba hakuniomba tena nikifungue.

Nilikuwa na watoto wangu nilipoelewa kwamba hakuwa anatafuta pombe. Munkoyo wa asubuhi ile ile haulevyi mtu, na yeye alijua. Alikuwa ananusa nyumba ambayo hakuweza kuingia. Kuelewa huko hakujaniondolea uchungu wote, wala sitadanganya kwamba kumeniondolea.

Lakini juzi nilinunua kikombe, nikanywa, nikaenda kwa baba. Ni mzee sasa, bado anakaa barazani. Niliinama mbele yake nikafungua kinywa. Alinitazama, kisha akafumba macho na kunusa bila haraka, kama zamani, akatikisa kichwa.

"Haiko ya mama," alisema.

Sikuwahi kumsikia akimwita hivyo. Wala Kibawa hakuwahi kumsikia.