Matofali ya Kanisa Letu

Kila nikisikia harufu ya matofali yaliyotoka kuchomwa, namwona baba yangu, mchungaji wetu kule mtaani Katuba. Waumini walikuwa wamefyatua matofali ya kujengea kanisa kwa misimu miwili ya kiangazi, hadi viganja vya mama vikapasuka. Asubuhi moja watu wa chama tawala wakaja na lori.

"Kanisa yenu haina makaratasi, imekatazwa," mkubwa wao akasema. "Hii matofali iko ya chama sasa."

Baba aliwasihi mpaka sauti ikamkauka. Kisha akavua koti, akaanza kuyapakia mwenyewe, ili akina mama wasilazimishwe.

Lori lilipoondoka, bibi mmoja akamuuliza, "Pasta, siku ya Mungu tutaombea wapi?"

Baba, aliyekuwa na jibu kwa kila mtu, akanitazama mimi, mtoto wa miaka saba, kana kwamba ningejua.