Gari la Kumbebea Dada

Gereji nzima ilimwita Godoro, na jina hilo hakulipata kwa kupenda usingizi. Alikuwa fundi wa miguu ya magari: springi, shokapu, na ile mipira midogo iitwayo bushi, inayokaa kati ya chuma na chuma ili visigongane. Gari liliingia kwake likilia kama kitanda kibovu, likatoka kimya, na kesho yake mwenyewe akarudi kumwambia kwamba amepita tuta bila kujua. Injini hakuzigusa. Injini ni kelele, alikuwa akisema, yeye anashughulika na viuno vya watu.

Mtu mmoja tu hakumwita Godoro. Dada yake mkubwa alimwita baba, kwa kuwa alirithi jina la baba yao, na akaendelea kumwita hivyo hata baada ya kumlea mwenyewe kuanzia miaka tisa, walipobaki wawili. Ndiye aliyemshika mkono siku ya kwanza kumpeleka gereji, nyuzi za cherehani zimemganda gauni zima, akasimama mbele ya fundi mkuu na kumwambia kwamba huyu darasani hafai kitu lakini mikono yake ina akili, na akikuharibia gari la mtu niite mimi nije nitukanwe. Godoro alitamani ardhi ipasuke immeze. Miaka thelathini ilipita na mafundi wa zamani walikuwa bado wakimtania kwa maneno yale.

Ugonjwa ulimwingia dada kwenye mifupa ya mgongo. Dawa ilikuwepo, ya dripu, mara nane, kila Alhamisi, ila ilitolewa katika hospitali moja tu, saa mbili na nusu kwa gari. Na katikati ya safari hiyo kulikuwa na kipande cha barabara ambacho lami yake iliahidiwa na kila aliyewahi kuomba kura, na kila aliyeipata kura alikipita kwa gari lisilojua shimo ni nini. Watu wenye mifupa mizima walishuka pale wakijishika kiuno. Dada alikipita mara mbili kila Alhamisi, kwenda na kurudi.

Gari la Godoro lilikuwa la zamani, dogo, jeupe, la milango minne, na hapa ndipo kuna jambo la aibu. Fundi huyu aliyewalainishia watu wote magari, lake lilikuwa gumu kama benchi. Ujanani alilishusha chini, akalitia springi fupi, rimu kubwa na matairi membamba kama mkate uliokatwa, kwa sababu lilipendeza likiwa limeegeshwa. Hakuwahi kulirudisha. Baada ya safari ya pili dada alishuka akiwa amejing'ata mdomo mpaka damu, akasema kwa upole kwamba ya tatu haendi.

"Nipe wiki mbili, dada," Godoro akamwambia. "Nitakutengenezea gari ambalo hutasikia hata jiwe."

Daktari alikubali mapumziko ya wiki mbili, si zaidi. Dawa ikikatwa kwa muda mrefu, alisema, ugonjwa unapata nafasi ya kukimbia mbele.

Kwa hiyo Godoro, ambaye kwa wateja aliamua spea kwa kuitupia jicho, safari hii alichagua kama mtu anayechagua mchumba. Mwenye duka la spea, mama mmoja mnene wa maneno, alimtolea kwanza shokapu mpya za gesi, zinazong'aa, akazisifu. Godoro akasimamisha moja mezani, akaikandamiza kwa kiganja, akaangalia inavyorudi. Iliruka juu kama iliyotukanwa. Akaomba nyingine. Akaomba nyingine tena. Aliyoichukua mwisho ilikuwa ya aina ya kiwandani, isiyo na rangi ya kujidai, ambayo ilizama pole pole na kupanda pole pole.

"Unatafuta shokapu au kiti cha kinyozi?" mama akamuuliza.

"Ni ya dada."

Mama alimjua dada. Ndiye aliyemshonea sare za watoto wake wote. Hakutania tena. Aliingia mwenyewe stoo akatafuta springi ndefu za kawaida, kwa kuwa zile nene zinazopendwa na wabeba mizigo humrusha mtu mwepesi, na dada alikuwa mwepesi sana siku hizo. Akamwagizia bushi za mpira mtupu, si zile za plastiki ngumu zinazosifiwa kwa kudumu. Kudumu kwa nini, Godoro alijiuliza, wakati anayebebwa hadumu. Akalifuta wazo hilo haraka. Akabadilisha rimu kubwa kwa ndogo, apate matairi mapana yenye mbavu nene, ambayo yenyewe ni mto.

Bushi zilichelewa. Zilifika Alhamisi yenyewe, alfajiri, na dada alikuwa ameshavaa, amekaa barazani na kanga mbili mapajani, anasubiri. Godoro alifanya kazi huku akimwona. Na hapa inabidi nieleze jambo dogo la ufundi, kwa sababu habari yote imelala juu yake. Bushi haikazwi gari likiwa juu ya jeki, magurudumu yananing'inia. Unaishikiza tu, unashusha gari chini, unalitikisa likae kwa uzito wake, ndipo unakaza. Ukikaza juu, mpira unashika mkao wa kuning'inia, na gari likishuka mpira unabaki umejinyonga kila dakika, unavuta, unapambana na springi. Gari linakuwa gumu na hakuna spea unayoweza kuilaumu. Godoro alilijua hilo tangu ana miaka kumi na saba. Alilifundisha. Aliwahi kumfukuza fundi kwa ajili yake.

Asubuhi ile alikaza bolti zote nane juu ya jeki, akijiambia atashusha azilegeze aanze upya. Akashusha. Dada akasimama, akasema, "Baba, tunachelewa." Wakaondoka.

Njiani aliona gari halikukaa alivyotaka, akajiambia springi mpya hulegea baada ya siku chache. Alimtazama dada kwenye kioo kila shimo. Dada alikuwa akitabasamu.

"Limekuwa godoro kweli," alisema. "Nasinzia."

Basi Godoro akaamini. Alhamisi iliyofuata dada akakataa kwenda. Alisema dawa imemchosha, inamtapisha, na kwamba mtu ana haki ya kupumzika. Godoro alibembeleza, akanuna, akamleta muuguzi wa mtaani kuja kubembeleza naye. Dada alikuwa na msimamo wa mtu aliyekata kitambaa. Hakishoneki tena kikawa kile cha mwanzo. Alhamisi moja ikapita, ya pili ikapita, ya tatu.

Ni mke wa Godoro aliyesema, jioni moja akikunja nguo, bila kumtazama. Wifi yake alikuwa amemwapisha asiseme. Siku ile ya safari ya tatu alipofikishwa chumbani alilia mpaka sauti ikamkauka. Hakuwa na tatizo na dawa. Alishindwa na barabara. "Alisema ukijua utavunjika moyo," mke akasema, "maana ulilitengeneza wewe."

Godoro alichukua funguo. Alitoka, akaliingiza gari juu ya shimo la gereji, akashuka chini na taa. Aliweka spana kwenye bolti ya kwanza, akailegeza, na bushi ikajifungua kwa mshtuko mdogo, kama mtu aliyeachiwa mkono uliokuwa umekunjwa nyuma. Alipolegeza ya nne gari zima lilishuka kidogo juu ya kichwa chake. Alibaki amesimama mle shimoni, mkono juu, hajui amesimama kwa muda gani. Kisha akalitikisa, akakaza upya moja moja. Kazi nzima ilikuwa ya dakika kumi na tano.

Asubuhi alikwenda peke yake hospitalini na vipimo vya karibuni, alivyovichukua muuguzi wa mtaani. Daktari alivisoma kwa muda mrefu kuliko inavyohitajika kusoma karatasi moja. Akasema ugonjwa umeshafika kwenye maini, na dawa ile sasa itamtesa bure. Godoro akauliza je, kama angekuja zile Alhamisi zote. Daktari, ambaye alikuwa mtu mwema, alisema haiwezekani kujua. Godoro alimchukia kwa wema ule.

Alimwambia dada kuhusu maini. Dada aliitikia kwa kichwa kama aliyeletewa habari anazozijua. Halafu akamwomba amtoe nje kidogo, kuta zimemchosha. Godoro na mkewe wakambeba, wakampakia kiti cha mbele, na Godoro akaendesha polepole bila kwenda popote, akapita soko, akapita shule, akafika mwisho wa lami akaingia kwenye mashimo. Alifanya hivyo kwa makusudi. Gari lilizama na kupanda, likazama na kupanda, bila kishindo.

Dada alisubiri kishindo. Mkono wake, uliokuwa umeshika kishikio cha mlango, ukalegea ukaanguka pajani.

"Baba, umelifanyaje gari?"

Angeweza kusema springi zimelegea. Alikuwa na uongo huo tayari mdomoni, tena ni wa kifundi, nani angeukataa.

"Nilikaza bolti likiwa juu," akasema. "Siku ile. Nililijua kosa na nikaliacha. Uliumia kwa mkono wangu, dada."

Dada aligeuza shingo pole pole, kwa namna aliyojifunza karibuni, akamtazama mdogo wake mwenye mvi anayeendesha huku machozi yanamchuruzika mpaka kwenye ndevu.

"Basi usimwambie mtu," akasema. "Wateja watakukimbia. Na mimi sina nguvu tena ya kuja kutukanwa."

Godoro alicheka, na kicheko kikamkatikia katikati kikawa kitu kingine. Dada alimgusa goti, akafumba macho. Baada ya mashimo mawili matatu pumzi yake ikawa nzito. Alikuwa hajalala mchana wala usiku kwa wiki nzima, na sasa alilala, kichwa kikiyumba kidogo tu kila gari lilipozama.

Godoro hakugeuza gari. Alipita vibanda vya mwisho, akapita njia panda, akajikuta yuko kwenye barabara ya hospitali, ile ile, saa mbili na nusu mbele yake, na akaendelea kwa sababu kusimama kungemwamsha. Aliyakwepa mashimo aliyoweza. Yale asiyoweza aliyaingia taratibu, gurudumu moja baada ya jingine.

Jua lilikuwa limeshaegemea upande wa dereva dada alipofumbua macho nusu.

"Tumefika?" akauliza. "Leo ni Alhamisi?"

Ilikuwa Jumapili.

"Ndiyo, dada," Godoro akasema. "Bado kidogo. Lala."