Mtani Wangu Haamini Kuwa Kitanda cha Mwanawe Nimekifunga Vibaya

Admin, nifichie jina, mji usiufiche. Mimi ni mwanaume wa miaka arobaini na tatu, Mzaramo halisi. Niliingia Tabora kutembea siku tatu, huu ni mwaka wa kumi na sita. Naishi Ipuli, nauza vipuri vya pikipiki. Sijisifu, lakini ukiuliza hapa mtu anayeijua dunia, utaletwa kwangu. Tunduma nimekaa, Zambia nimevuka, Wachina nimekula nao sahani moja. Shule ndiyo tulishindwana darasa la nne.

Jirani yangu nitamwita Maganga. Ni Mnyamwezi, yaani mtani wangu, na utani wetu haukuanza jana: babu zao walibeba mizigo kwa miguu mpaka kwetu pwani, kutukanana kukaanzia huko. Nikifiwa anakuja kunicheka msibani, na mimi simnunii. Ndivyo tunavyopendana.

Maganga na mkewe walikaa miaka tisa bila mtoto. Mimba ilipofika miezi minane, dada yake aliyeko Dar akatuma kitanda cha mtoto kwa basi, mbao mbao ndani ya boksi. Maelekezo yalikuwa michoro na Kichina kitupu. Maganga akataka kuita seremala. Nikamwambia, "Seremala wa nini na mimi nipo? Kichina nakisoma kama gazeti."

Ndugu zangu, Kichina ninachojua ni salamu. Kwa Wachina nilikuwa mlinzi wa kambi ya barabara, miezi miwili. Ile sahani moja nayo ni chumvi.

Nikaishika karatasi, natikisa kichwa kama naelewa. Mchoro wa nne ukanikamata: mshale huu unapanda, ule unashuka, na vyuma vidogo vilivyopinda kama kiwiko. Nikafunga ubavu mmoja juu chini, nikafungua, nikafunga tena. Maganga kanisimamia mgongoni na soda yake. "Mtani, mbona jasho?" "Joto la kwenu hili." Mwisho kitanda kikasimama, kizuri kweli. Sakafuni zikabaki skrubu sita na vyuma viwili.

"Na hizi?" akauliza.

"Za akiba. Mchina muungwana, hakuuzii kitu bila akiba." Nikazitia mfukoni pamoja na karatasi yao.

Mtoto akazaliwa salama, wa kike. Nililia kuliko baba yake. Juzi nikiwa dukani nikaikunjua ile karatasi, safari hii bila mtu mgongoni, nikaifuata kwa kidole polepole. Mchoro ukafunguka. Vile vyuma vinatakiwa vinne, kimoja kila pembe, ndivyo vinavyobeba ubao anaolalia mtoto. Mimi nimefunga viwili, vyote upande wa kichwani. Upande wa miguuni ubao umebanwa tu na mbavu za kitanda.

Nikafunga duka mchana kweupe, nikakimbia. Sasa, mzazi na mtoto wako chumbani mpaka arobaini, na mlangoni kakaa bibi wa mtoto, mama yake Maganga, aliyekuja kutoka Bukene.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba, mla nazi. Umefuata nini?"

"Kitanda kina kasoro. Naomba niingie na bisibisi, dakika kumi tu."

Alicheka mpaka akashika ukuta. "Mwanaume wa nje aingie chumba cha mzazi? Na mtani tena! Utatuibia hata kitovu cha mtoto."

Nikamtolea skrubu na vyuma. "Bibi, hivi vilibaki."

"Wewe si muuza vyuma? Umevichota dukani kwako."

Maganga akaja, akaingia, akakitingisha kitanda, akakibonyeza kwa ngumi, akatoka anacheka. "Kimetulia kama jiwe. Safari hii hunipati."

"Inama utazame chini, pembe za miguuni."

"Niiname chini ya kitanda, halafu ukawasimulie Ipuli nzima?"

Simlaumu. Mwaka jana nilimwambia manispaa wanakuja kubomoa choo chake, akang'oa nusu ya ukuta kuokoa matofali kabla sijamwambia ni utani. Lakini juzi niliapa. Nikavua kofia, nikasema neno ambalo hata mke wangu halijui: "Maganga, Kichina sijui. Hata Kiswahili nasoma kwa kuvizia." Machozi yakanitoka pale pale. Bibi akapiga makofi. "Jamani, huyu Mzaramo angekuwa mwigizaji!"

Nikampigia simu mke wangu, yuko kwao Sikonge, nikamwomba aongee na mama mtoto. Akasema, "Umeanza," akakata.

Leo Alhamisi. Jumamosi ndiyo arobaini: mtoto atanyolewa, atatolewa nje, na kuanzia hapo atalala kwenye kitanda chake, juu ya godoro la sufi aliloshona bibi, zito kama gunia la mpunga. Nimewaza nitumie haki yangu, maana mtani akichukua kitu nyumbani kwa mtani wake hadaiwi. Lakini kitanda kiko chumbani kwa mama na wanawake wamejaa. Nikiingia mle kwa nguvu, huo si utani tena, ni vita. Nikileta seremala, watasema nimempanga. Kunyamaza siwezi. Miaka tisa nimemwona yule mama akibeba watoto wa wenzake, akiwarudisha.

Nifanyeje, jamani? Mnaonisoma ni maelfu, na wa Ipuli hamkosekani. Kama unajua nyumba yenye arobaini ya mtoto wa kike Jumamosi hii, kitanda cheupe chenye twiga wawili ubavuni, nenda kawaambie watazame chini ya ubao, pembe za miguuni. Ila usiseme nimekutuma. Ukinitaja tu, watacheka.